Si Nyama Iliyokosekana

Kuna vyakula ambavyo binadamu huvila maisha yake yote bila ya kuvipa heshima. Maharagwe ni kimojawapo. Aliyesoma shule ya bweni huyasimulia kwa kicheko, aliyepita jeshini huyasimulia kwa kuchoka, na mwenye nyumba akijiwa na mgeni asiyemtarajia huyaombea radhi: "Leo utatusamehe, tuna maharagwe tu." Hilo neno "tu" ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi. Ni nani aliyelibandika hapo, na kwa sababu gani?

Nililazimika kulifikiri jambo hili baada ya daktari kuniambia kwamba presha yangu haielewani na mafuta mengi wala na nyama nyekundu ya kila siku. Binti yangu aliposikia, akaniletea kile kikaangio cha hewa ambacho siku hizi kimejaa madukani. Nikaanza kujifunza kutengeneza baga za maharagwe. Mjukuu wangu wa darasa la sita akaiangalia ya kwanza, akaigeuza, kisha akaniuliza: "Babu, hii ni baga kweli, au ni baga ya watu waliokatazwa nyama?"

Swali la mtoto ni swali la historia. Baga ya maharagwe ilianza kama badala ya kitu kingine, au ilikuwa kitu chake chenyewe tangu mwanzo? Jibu linategemea tunaanzia kuhesabu wapi. Wengi huanzia Marekani. Mimi naona haki ni kuanzia Afrika.

Kunde ni mzaliwa wa bara hili. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki yake katikati ya nchi ya Ghana, kwenye makazi ya watu wa utamaduni uitwao Kintampo, na umri wake ni zaidi ya miaka 3,500. Maharagwe mekundu na ya njano tunayoyapakua leo ni wageni. Yaliendelezwa na wakulima wa kale wa Meksiko na wa milima ya Andes, yakavuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na wataalamu wengi hukubali kwamba yalifika kwetu kupitia merikebu za Wareno, ambao walitokea pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498. Leo mgeni huyo ana uraia kamili. Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazolima maharagwe kwa wingi, na kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kimetoa mbegu zinazobeba jina la mahali hapo, ambazo wakulima huzitaja kama wanavyotaja jamaa zao.

Huko Magharibi mwa Afrika, Wayoruba huziloweka kunde, huzimenya ganda, huzisaga pamoja na kitunguu na pilipili, huupiga mseto huo mpaka uingie hewa, kisha huudondosha kijiko kwa kijiko katika mafuta ya moto. Chakula hicho hukiita akara. Msomaji wa Tanga, Unguja au Dar es Salaam atatabasamu: hiyo si bajia? Naam, ni bajia. Jina letu limetoka Bara Hindi, ambako bajia ni vitu vinavyochovywa katika rojo la unga wa dengu na kukaangwa. Lakini ile bajia yetu ya kunde, kwa jinsi inavyotengenezwa, inafanana zaidi na akara ya Mwafrika mwenziwe kuliko na ile bajia iliyoiazima jina.

Wamisri nao wana taamia, inayotengenezwa kwa jamii ya maharagwe mapana waitayo ful, yakisagwa pamoja na majani mabichi ya kotmiri na vitunguu. Wakristo wa Kikopti huila sana katika siku zao nyingi za kufunga, wanapojizuia na nyama. Nchi za Sham hutumia dengu na kuiita falafeli. Kote huko donge hilo hutiwa ndani ya mkate na kuliwa kwa mkono. Sasa niambie, ndugu msomaji: donge la nafaka jamii ya kunde, lililokaangwa, lililotiwa viungo na kufunikwa kwa mkate, likiwa limekaa mkononi mwa mtu anayekwenda kazini, limekosa nini hata liitwe badala?

Liko jambo zito zaidi ya hilo. Akara ilivuka bahari ya Atlantiki, na haikuvuka kwa hiari. Waafrika waliotekwa na kuuzwa Brazili, hasa katika mji wa Salvador, jimbo la Bahia, waliipika huko na kuiita acarajé. Hukaangwa kwa mafuta ya mawese, hupasuliwa katikati, na kujazwa mchuzi mzito na kamba wakavu. Kwa wafuasi wa dini ya Candomblé ni chakula kitakatifu cha Iansã, mwenye upepo na radi. Na kwa wanawake watumwa kilikuwa pia biashara. Wengi walitumwa mitaani na mabwana zao kuuza vyakula, wakalazimika kurudisha kiasi maalumu kila siku, na kilichozidi kikawa chao. Wako waliolimbikiza ziada hiyo senti kwa senti mpaka wakajikomboa wenyewe, na wengine wakawakomboa watoto wao, miaka mingi kabla ya utumwa kufutwa Brazili mwaka 1888. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Kwa akina mama wale, kibaba kilichokuwa kikijazwa ni uhuru.

Mwaka 2005 serikali ya Brazili iliiandikisha kazi ya wanawake wauza acarajé kuwa urithi wa taifa. Hata hivyo, heshima ya karatasi haitoshi. Kombe la Dunia la mwaka 2014 lilipokuwa likikaribia, kanuni za mashindano zilitaka biashara ya chakula ndani na kuzunguka viwanja iwe ya wafadhili walioingia mkataba, na mmoja wa wafadhili hao alikuwa kampuni kubwa ya baga, McDonald's. Wauza acarajé wa Salvador wakakataa kuondoka. Walivaa magauni yao meupe ya kazi, wakaandamana, wakapeleka sahihi za watu, na uwanja wa Fonte Nova ulipofunguliwa upya mwaka 2013 baadhi yao walikuwa mle ndani wakikaanga. Hapo baga ya nyama na donge la kunde vilikutana mlango mmoja, na aliyetakiwa kuomba ruhusa ya kuingia ni yule mwenye umri mkubwa.

Maana baga, kwa hakika, ni kijana. Jina lake limetoka Hamburg, bandari ya Ujerumani, na mkate wake ulipata umaarufu nchini Marekani. Kampuni ya White Castle ilianzia Wichita, jimbo la Kansas, mwaka 1921. Ndugu wawili wa McDonald walifungua mgahawa wao San Bernardino, California, mwaka 1940, na mwaka 1948 wakaupanga upya ufanye kazi kama kiwanda: kila mfanyakazi na kazi yake moja, chakula kinatoka kwa dakika. Toka hapo dunia nzima ikafundishwa kwamba kitu cha duara ndani ya mkate wa duara ni nyama ya ng'ombe, na kingine chochote ni kuigiza.

Huko Ulaya na Marekani, fikra ya badala ilikuwa imekwisha kuota mizizi kwa njia nyingine. Chama cha walaji mboga cha Uingereza kiliundwa mjini Ramsgate mwaka 1847. Katika mapambazuko ya karne ya 20, Dk. John Harvey Kellogg, aliyesimamia hospitali ya mapumziko ya Battle Creek, Michigan, alikuwa akiuza chakula kilichoitwa Protose, kilichotengenezwa kwa karanga na protini ya ngano, ili wagonjwa wake wasiitamani nyama. Vita Kuu ya kwanza ilipoleta njaa Ujerumani, meya wa Cologne, Konrad Adenauer, ambaye baadaye alikuwa kansela, alibuni soseji yenye soya na kupata hati ya ubunifu huo Uingereza mwaka 1918. Wote hawa walifanya mema. Lakini angalia mwelekeo wao: walianza na nyama, wakaiondoa, kisha wakatafuta cha kuziba pengo. Chakula kilichozaliwa hivyo huishi kikipimwa kwa kile kisichokuwa nacho.

Baga ya mboga ya kisasa nayo ilirithi mzigo huo. Mwaka 1982 Gregory Sams aliuza mjini London unga mkavu alioupa jina VegeBurger, ambao mnunuzi aliuchanganya na maji na kuukaanga. Miaka hiyohiyo, Paul Wenner, mwenye mgahawa wa wasiokula nyama huko Gresham, Oregon, alikusanya mabaki ya wali na mboga, akayafinyanga, na huo ukawa mwanzo wa Gardenburger. Ugomvi wa jina haujaisha hata sasa. Mwaka 2020 Bunge la Ulaya lilikataa pendekezo la kuzuia neno baga lisitumiwe kwa chakula kisicho na nyama. Mwaka 2025 suala likarudi bungeni, na safari hiyo wengi wakaunga mkono kuzuia. Mimi sina ugomvi na wabunge hao. Wakilichukua jina lao, mimi bado nina bajia, na bajia haikuwahi kumwomba ng'ombe chochote.

Sasa tuje kwenye mashine. Kikaangio cha hewa kilizinduliwa na kampuni ya Philips mjini Berlin mwaka 2010, kutokana na ubunifu wa Mholanzi aitwaye Fred van der Weij. Babu yake ni mkongwe zaidi. Katika miaka ya 1940 Mmarekani William Maxson alibuni jiko dogo lenye feni la kupashia chakula ndani ya ndege. Wazo ni lilelile: waya wa moto uko juu, feni inaisukuma hewa ya moto izunguke kwa kasi katika chumba chembamba, na unyevu ulio juu ya chakula unafagiliwa. Uso ukikauka na kupata joto kali, protini na sukari zake huungana na kuleta rangi ya kahawia na ile harufu inayomtoa jirani nje. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza kemia ya jambo hilo mwaka 1912, na mama wa Kiyoruba alikuwa akilitumia karne nyingi kabla hajazaliwa.

Lakini hewa si mafuta. Mafuta ya karai hulizunguka donge pande zote na kulipa joto papo hapo, ndiyo maana hata rojo laini hushikamana kabla halijasambaa. Hewa hubeba joto kidogo, nayo huenda polepole. Ukimwaga rojo la bajia katika kapu la mashine, litadondoka kwenye matundu. Kwa hiyo mashine hii inataka mseto mgumu, uliofinyangwa bapa. Kwa maneno mengine, inataka baga.

Nitaeleza ninavyofanya, kwani historia isiyofika jikoni hubaki njaa. Maharagwe mekundu huloweka usiku kucha, na asubuhi humwaga yale maji. Kisha huyachemsha kwa moto mkali, yakitokota si chini ya dakika 10, ndipo huupunguza moto yaendelee mpaka yaive kabisa. Hili si la kupuuza. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta matapishi na tumbo kuuma saa chache baada ya kuliwa. Kutokota ndiko kunakoiharibu. Moto hafifu hauiwezi. Huko Uingereza katika miaka ya 1970 watu waliugua kwa kula maharagwe yaliyolowekwa tu bila ya kuchemshwa sawasawa. Mtu asidhani kwamba mashine ya dakika 15 itafanya kazi ya sufuria. Bibi zetu waliotokosa maharagwe tangu alfajiri hawakuijua sumu hiyo kwa jina, lakini waliishinda kila siku.

Yakishaiva huyachuja na kuyatandaza juu ya kitambaa yakauke, kwa maana unyevu ndio adui wa kwanza. Vikombe viwili vya maharagwe huviponda kwa mwiko, nusu yabaki chengachenga. Huongeza kiazi kimoja kilichochemshwa, kitunguu kilichokatwa na kukaushwa kidogo katika kikaango, kitunguu saumu, bizari nyembamba, pilipili manga, chumvi kidogo, kotmiri, na chenga za mkate mkavu kiasi cha konzi mbili. Kiazi na chenga ndivyo vinavyoshika. Asiye na shida na yai aweza kulitia. Hufinyanga bapa sita, huziweka kwenye friji nusu saa ili zikaze, huzipaka mafuta kwa brashi, kijiko kimoja kwa zote, na kuzitia katika mashine kwa nyuzi 190 kwa muda wa dakika 12 hivi, nikizigeuza katikati. Huzila ndani ya mkate na kachumbari na chatne ya ukwaju. Mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi dakika 20 hutumia nusu uniti ya umeme.

Msomaji ataniuliza: na wasio na umeme, au wasio na fedha ya kununulia mashine? Swali lake ni la haki. Familia nyingi nchini bado hupikia kuni na mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati safi. Mpaka hapo, bapa hilihili huokwa juu ya kikaango kizito kilichopakwa mafuta, kwa moto mdogo, nalo hutoka vizuri. Ubora uko katika maharagwe. Mashine humsaidia tu yule aliyekatazwa mafuta.

Kilichonitia wasiwasi ni kitu kingine. Mtaani kwetu yuko mama anayekaanga bajia za kunde kila jioni. Kwa karai hilo amesomesha watoto watatu, na mmoja ni muuguzi. Mimi nilikuwa mteja wake wa miaka mingi. Nilipoacha kupita kwake, aliniuliza kama tumekoseana. Nikamweleza habari ya daktari na ya mashine, na papo hapo nikamwomba aniuzie kunde zake zilizosagwa, bila ya kuzikaanga. Alinitazama kwa muda. "Sawa, Mwalimu," akasema, "lakini kila mtu akinunua mashine, mimi nitamkaangia nani?"

Sikuwa na jibu jepesi, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba ninalo sasa. Niliweza tu kuhesabu naye. Katika bei ya bajia moja, mafuta na mkaa hula sehemu kubwa. Kazi anayoijua yeye, ambayo mashine haiijui, ni kuloweka, kumenya na kusaga kunde mpaka zifikie pale panapostahili. Tukakubaliana bei ya bakuli la kunde zilizosagwa, yenye faida kwake. Siku hizi anao wateja wengine wanne wa namna yangu, wote wenye presha au kisukari, nasi hupitia bakuli zetu kabla ya magharibi. Karai lake bado linachemka kwa ajili ya vijana wenye mioyo mizima. Kunde zake, nikizifinyanga kwa chenga za mkate na kuzitia katika mashine, hazitoki laini kama zake. Hutoka kavu kidogo na zenye kukwaruza. Lakini ladha ni yake, nami huwaambia wageni ilikotoka.

Mwalimu mstaafu akipewa nafasi atatoa funzo, nami sitaiacha desturi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sikatai msala, nimeupokea wenyewe nyumbani kwangu na unanisaidia kuishi. Ninachokataa ni kuupokea pamoja na aibu. Kijana wa mjini akiipeleka bapa ya maharagwe mezani na kuiombea radhi kwamba si nyama, anarudia maneno ya watu ambao historia ya chakula chake hawakuijua. Mjukuu wangu nilimjibu hivi: mwanangu, hii ni bajia iliyosafiri, ikaenda mbali, ikarudi imevaa mkate. Alikula mbili. Kama alikubaliana nami au alikuwa na njaa, hilo analijua yeye.

Basi, ndugu msomaji, leo usiku loweka kikombe kimoja. Kesho kama una mashine, vema. Kama huna, una kikaango. Na kama mtaani kwako yuko mama wa bajia, mpitie kwanza yeye, umwulize kunde zake anazisaga namna gani. Umsikilize mpaka mwisho, kisha ununue.